Mkate Uliomfunika Chui

Harufu ya mchele uliosagwa na kuanza kuumuka haifanani na harufu nyingine yoyote. Mbele ina utamu wa nazi, katikati ina iliki, na nyuma kabisa ina uchachu mdogo, kama pumzi ya mtoto mchanga aliyelala baada ya kunyonya. Asubuhi ya leo imenikuta juu ya msala, nimemaliza nyiradi zangu na jua limeshapanda. Mjukuu wangu Rahma, ambaye ndiye ninayekaa naye hapa Al Jaddaf, alikuwa amefungua dirisha la jikoni. Tumefika ule wakati wa mwaka ambao Dubai huwa na huruma: baridi inafunga virago, joto halijapiga hodi, na madirisha ya maghorofa haya, yanayofungwa karibu mwaka mzima kwa ajili ya viyoyozi, yanaachwa wazi hata unasikia kijiko cha jirani kikikoroga chai.

Nilinyanyuka nikamsaidie. Rahma aliniwahi.

"Pumzika tu, Bibi. Leo sitaki ushike kitu."

Nikakaa. Nikatabasamu peke yangu, maana maneno hayo nayajua. Niliyasikia nikiwa na miaka minane katika nyumba yetu ya Deira, mtaa wa kale wa mji huuhuu, na yalikaribia kumfukuza bibi yangu katika nchi hii.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndani ya kichochoro nyuma ya maduka ya jumla. Ilikuwa na vyumba vitatu, ua wa saruji, na mwarobaini mmoja uliong'ang'ania kuishi penye ufa wa saruji hiyo. Baba alikuwa karani wa wakala wa mizigo. Mama alikuwa mwenye jiko, na nasema mwenye jiko kwa maana yake kamili, kwani hata paka wa mtaani alijua asivuke kizingiti kile. Mimi nilikuwa mtoto wao wa pekee. Asili yetu ni Unguja, ingawa mimi Unguja sikuwa nimeiona. Niliijua kwa ulimi tu: kwa maneno yaliyosemwa nyumbani na kwa vyakula vilivyopikwa.

Bibi, mama yake Baba, alikuja kwetu mwanzo wa baridi. Alifika na sanduku la bati, na mbuzi ya kukunia nazi iliyofungwa ndani ya kanga, na kopo la hamira alilolishika mkononi safari nzima kama mtu aliyebeba yai. Kopo lile lilikuwa la rangi nyekundu iliyochunika, na mfuniko wake ulikuwa na kutu pembeni. Alilifungia ndani ya sanduku, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake.

"Hamira yangu naijua, na yenyewe inanijua," alisema. "Za madukani kwenu sizitaki."

Wasioijua Dubai hudhani haina baridi. Hao hawajalala katika nyumba ya zamani iliyo wazi katikati, upepo wa shamali ukishuka kutoka kaskazini na kupita chini ya milango yote. Bibi alivaa soksi za Baba, sweta la Mama, na kanga mbili juu yake, na bado alitetemeka. "Nchi gani hii," aliuliza asubuhi ya kwanza, "mtu anatoa moshi mdomoni na hajavuta kitu?"

Lakini mimi nakumbuka raha zaidi kuliko baridi. Baada ya Magharibi, Mama aliingiza seredani la makaa chumbani, sote tukalizunguka. Kulikuwa na chai ya tangawizi iliyowasha koo, na karanga zilizokaangwa kwa mchanga, na Baba akisoma gazeti la jana kwa sauti kana kwamba habari zake ni mpya. Bibi alinisomesha sura fupifupi, aya kwa aya, akinipigapiga goti kila nilipokosea. Baada ya Isha tuliingia kulala, mimi na yeye, chini ya blanketi moja.

Blanketi hilo nalo lina habari yake. Baba alilinunua sokoni, zito kama mlango, na juu yake palikuwa na picha ya chui milia mkubwa aliyekodoa macho ya manjano. Sisi tulimwita Chui tu. Bibi hakumpenda. Kila jioni alimgeuza kifudifudi. "Mimi na bwana huyu hatulali uso kwa uso," alisema. Kisha alinisukumia miguu yake ya baridi, nami nikapiga kelele, naye akanitania kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike: "Nyamaza, mke mwenzangu. Mume wetu kafa, kaniachia wewe uninyang'anye blanketi."

Mama alimheshimu Bibi kwa adabu zote alizofunzwa kwao, na katika adabu hizo, mkwe hagusi kazi. Bibi akishika ufagio, Mama alimpokonya kwa upole: "Pumzika, Mama." Bibi akisogelea vitunguu: "Ah, Mama, mikono yako inuke vitunguu na mimi nipo? Pumzika." Aliwekewa mto mgongoni. Aliletewa chai, akaletewa maji ya moto ya kutawadhia, akaletewa sahani mpaka mapajani. Majirani walisema mkaza mwana kama yule haonekani siku hizi.

Bibi naye, akishakalishwa hivyo, alikuwa na msemo wake. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alisema, huku akiviangalia viganja vyake. "Miye huu mwezi wa tatu, sijapewa hata upawa."

Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilimwona Bibi kwa mawazo yangu akiulima ua wetu wa saruji.

Kitu kimoja tu aliachiwa. Mwezi huo wa tatu, kila Ijumaa, Mama alimruhusu apike mkate wa kumimina, kwa kuwa Mama mwenyewe hakuujua. Nyinyi mnaoujua mtanisamehe nikiwaeleza wasioujua. Mchele hulowekwa tangu jana yake, ukasagwa na tui zito, ukatiwa sukari, iliki na hamira, ukaachwa uumuke. Ukishajaa mapovu hupigiwa ute wa yai, ukamiminwa katika sufuria iliyopakwa samli, ukaokwa kwa moto wa juu na chini. Ukikubali, unasimama, ndani una vijitundu kama sega la nyuki, na juu una rangi ya asali. Ukikataa, ni msiba.

Wa Bibi ulikataa. Ijumaa ya kwanza ulitoka bapa kama kifuniko. Wa pili vilevile. Wa tatu ulikuwa mzito hata Baba, aliyekuwa mtu wa kusifu kila alichopewa, aliutafuna akasifu chai.

Siku hiyo ya tatu alikuwapo Bi Rukia, jirani wa upande wa kulia, Mngazija aliyekulia Unguja na mwenye ulimi usiokaa kitako. Alichukua kipande, akakigonga kwa ukucha: ko, ko, ko.

"Hodi humo ndani!" alisema. Hakujibiwa. "Bi mkubwa, hebu niambie kweli. Hiki ni chakula au tofali? Maana mume wangu ana ukuta hajaumaliza."

Watu walicheka, na Bibi alicheka pamoja nao. "Baridi hii," alisema. "Mkate wa mchele ni mtoto wa joto."

Sote tukakubali kuwa ni baridi. Wala sikujiuliza kwa nini maandazi ya Mama yalivimba vizuri kila asubuhi katika baridi hiyohiyo. Mtoto haulizi habari za maandazi, anayala.

Alasiri ile nilimkuta Bibi amekaa ukingoni mwa kitanda, viganja vyake wazi juu ya magoti kama mtu anayeomba dua, lakini hakuwa akiomba dua. Alikuwa akivitazama.

"Mkono umekufa," alisema. Sijui aliniambia mimi au aliuambia mkono. "Mwanamke mkono wake ukifa, kazi iliyobaki ni kutazamwa, kama saa ya ukutani."

Jioni yake, tukiwa tumezunguka seredani, alimwambia Baba bila kupandisha sauti, "Nikatie tiketi, mwanangu. Nataka kurudi kwetu."

Baba aliweka kikombe chini. "Kwenu wapi, Mama? Nyumba ile haina mtu."

"Ina meko," Bibi alijibu. "Nchi isiyoumua mkate si nchi ya kumkalisha mtu."

Baba alibembeleza. Mama alilia, akauliza amekosea nini, na Bibi akamwapia kuwa hajamkosea kitu, bali amemtunza kama sultani. Hapo Mama alilia zaidi. Lakini Bibi akishasema, amesema, na kwa Baba neno la mamake lilikuwa la kutiiwa. Siku ya tatu alirudi kutoka kazini na tiketi ndani ya bahasha, akaiweka juu ya kabati bila kumtazama mtu. Safari ilikuwa Jumapili ya wiki ya pili.

Mimi nilingoja mpaka tuko chini ya Chui, nikauliza, "Bibi, mkate ukiumuka, utabaki?"

"Mkate ukiumuka, mke mwenzangu, nitabaki mpaka unichoke."

Kwangu hilo lilikuwa agano. Tangu hapo sikuwa na haja nyingine duniani. Tatizo ni kwamba Bibi hakutaka tena kuugusa mchele. Ijumaa iliyofuata ilipita, na siku ya mkate ikapita nayo.

Katikati ya siku hizo majira yakaanza kugeuka. Ilinyesha mvua moja kubwa iliyojaza vichochoro, kisha zikaja asubuhi mbili za ukungu mzito, ving'ora vya vyombo majini vikilia kama ng'ombe waliopotea. Ukungu ulipoondoka, tulikuta mwarobaini wetu umetoa majani mapya, mekundu kidogo, yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Jua likawa la kukaliwa. Baba akavua sweta. Na seredani, ambalo lilikuwa rafiki yetu, likaanza kutuchosha.

Jumatano yake, baada ya kusali Magharibi nyuma ya Bibi, nilibaki peke yangu juu ya msala. Nilikuwa nimefunzwa kwamba Mwenyezi Mungu haombwi kwa haya, hata kamba ya kiatu unamwomba Yeye. Basi nikainua mikono, nikasema kwa sauti, ili pasiwe na kutoelewana: "Ya Rabbi, uumue mkate wa Bibi. Uumue uwe mrefu. Uumue kabla ya Jumapili, maana Jumapili anaondoka. Na kama ni mkono wake umekufa, ufufue, Wewe ni Muweza. Amin."

Nilipogeuka, Mama alikuwa amesimama mlangoni na rundo la nguo kifuani. Sijui alikuwa pale tangu lini. Aliziweka nguo kitandani, akaenda jikoni, na nikasikia mlango wa kabati ukifunguliwa, kisha, baada ya muda mrefu, ukifungwa.

Kesho yake ilikuwa siku ya kufua mablanketi. Nyumbani kwetu baridi haikuwa imekwisha, hata mtu akitokwa jasho, mpaka Mama afue mablanketi. Hapo ndipo ilipopewa talaka rasmi. Karai kubwa lilitolewa uani, likajazwa maji na sabuni, na blanketi likizama ndani yake hakuna mkono unaoliweza. Hufuliwa kwa kukanyagwa. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilikunja gauni, nikaingia, nikaanza kumkanyaga Chui.

Bibi alikuwa amekalishwa kivulini na mto wake mgongoni. Alitazama. Akatazama tena. Mara akainuka, akavua soksi za Baba, akakusanya kanga yake mpaka magotini, akaja kusimama ukingoni mwa karai.

Nilimtazama Mama, nikingoja lile neno. Halikuja. Mama aliinama akaendelea kukamua shuka.

"Songa huko," Bibi aliniambia, na akaingia. "Miezi mitatu bwana huyu ananitolea macho. Leo nimempata!"

Tulimkanyaga, wallahi. Tulishikana mikono tukazunguka, povu likaruka mpaka kwenye mwarobaini, Bibi akaimba nyimbo za harusi za kwao ambazo baadhi ya maneno yake Mama alikohoa kuyaziba. Alicheka mpaka akakosa pumzi akakaa ukingoni mwa karai, miguu ndani, uso umeloa.

Mimi nikaona mlango umefunguka. "Bibi, tuloweke mchele. Mara ya mwisho."

"Usinitie aibu kwa Rukia mara ya pili, mke mwenzangu."

"Hatumwambii."

Aliutazama ukuta uliojaa jua. "Haya," alisema. "Vikombe vitatu. Na uuchague vizuri, sitaki mawe."

Wakati huohuo Mama, ambaye alikuwa akianika, akasema bila kugeuka, "Mama, lile kopo lako mfuniko una kutu. Nilifute kabla hujalitumia?"

Bibi alifungua fundo la kanga kwa vidole vyenye povu, akanipa ufunguo. Nilimpelekea Mama kopo jikoni. Alinituma dukani kununua nazi, nikaenda nikarudi, na kopo lilikuwa limeshafutwa, linang'aa. Nililirudisha sandukuni. Lilikuwa zito kidogo kuliko nilivyolitoa, au labda hilo nalikumbuka sasa tu, baada ya kujua.

Ijumaa asubuhi Bibi alikaa juu ya mbuzi yake akakuna nazi, na mlio ule wa krr, krr ukaijaza nyumba. Mchele ukasagwa, tui likakamuliwa, iliki ikapondwa. Kisha akafungua kopo. Alichota kijiko, akakisogeza puani, akatulia. Alitazama upande wa jiko, ambako Mama alikuwa ametupa mgongo akiosha chombo ambacho kwa macho yangu kilikuwa kimeshatakata. Bibi alisema "Bismillahi," kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake, na akatia.

Shauri la juu ya paa lilikuwa langu. Paa letu lilikuwa tambarare, la kupanda kwa ngazi, na ndiko mablanketi yalikolazwa. Chui alikuwa amekauka na kupata joto kama mkate wenyewe. Nilimtandaza, bakuli la mchele uliosagwa likawekwa katikati, nikalifunika kwa mfuniko na kumkunja Chui juu yake pande zote, kikabaki kitu kama mtu mnene aliyevaa blanketi. Niliapa kukilinda.

Nikalinda. Nilizisoma sura zangu zote juu yake, tangu ya kwanza mpaka ya mwisho niliyoijua, nikaanza tena. Chini watu walikuwa wakijiandaa kwa Ijumaa, na harufu ya udi ilipanda kutoka kila ua. Juu ya mapaa yote ya Deira mablanketi yalikuwa yameanikwa, mekundu, ya buluu, ya maua, kana kwamba mji mzima umeamka siku moja na kusukuma matandiko. Jua lilinishika mabega. Upepo haukuwa na meno tena. Nikasema nitalaza kichwa kidogo tu.

Kilichoniamsha ni ubaridi katika kidole cha mguu. Nilifungua macho. Chui hakuwa na uso.

Uji mweupe ulikuwa umeinua mfuniko, ukatoka, ukateremka pande zote bila haraka, ukimeza masharubu, ukimeza macho yale ya manjano, ukipasua mapovu madogo, pa, pa, kama unaongea. Bado ulikuwa ukija.

"Bibi!" nilipiga ukelele. "Bibi, njoo! Umemfunika Chui!"

Walipanda ngazi wote wawili, Mama mbele, Bibi nyuma akihema na kumwita kila walii aliyemjua. Mama alisimama, akalitazama blanketi alilolifua jana yake. Nikafumba macho nikingoja kofi.

Badala ya kofi nikasikia kigelegele. Kilikuwa cha Bibi, kirefu, chembamba, cha mtu aliyekihifadhi miezi mitatu. Kisha kikaungana na cha pili, na nilipofumbua macho nikaona ni Mama, mkono mdomoni, machozi mashavuni.

Kichwa cha Bi Rukia kikatokeza juu ya ukuta wa paa la pili. "Kuna nini huko? Mmepata mtoto?"

"Tumepata mkate!" Bibi alimjibu.

Tuliuchota ule uliobaki ndani ya bakuli, na ulikuwa mwingi bado. Bibi aliumimina mwenyewe, akauwekea makaa juu na chini, akakaa mbele yake bila mto. Baba aliporudi msikitini alisimama mlangoni na harufu ikamzuia kutoa salamu. Mkate ulikuwa juu ya sinia. Ulikuwa umesimama. Ulikuwa na rangi ya asali, na ulitikisika kidogo ulipoguswa, kama mtu anayezuia kicheko.

Bi Rukia alishafika, bila kualikwa, kama ilivyokuwa desturi yake. Sote tukamtazama. Aliinua ukucha wake, akabisha. Haukulia. Kidole kilizama mpaka kwenye kiungo.

"Karibu," Bibi akamwambia. "Safari hii wenyewe tupo."

Nyumba ilitikisika kwa kicheko, na Bi Rukia, Mungu amrehemu, alicheka kuliko wote. Alikula vipande vinne, akaondoka na cha tano ndani ya kanga, akasema ni cha mume wake, yule wa ukuta.

Tulipomaliza kula, Mama alienda jikoni akarudi na upawa wake, ule wa kifuu alioutumia kila siku na ambao hata mimi sikuruhusiwa kuuchezea. Aliuweka mapajani mwa Bibi.

"Mama," alisema, "kesho mchuzi ni wako. Mimi nimechoka."

Mama hakuwa amechoka. Hata mimi nililijua hilo. Bibi aliugeuzageuza upawa, akapitisha kidole gumba ndani yake.

"Mpini umelegea," alisema. "Nitaukaza."

Baba alikohoa. "Na tiketi, Mama?"

"Tiketi gani?" Bibi aliuliza. "Mwenye haja nayo mpe. Miye nina mchuzi kesho."

Alikaa nasi miaka kumi na moja. Jiko likawa la wanawake wawili, na halikuwa kimya hata siku moja. Waligombana juu ya chumvi, juu ya bizari, juu ya nani aliyeziacha bamia zikateleza, na hawakulala hata siku moja wamenuniana. Nilizaliwa tena katika jiko lile, naweza kusema. Na kila Ijumaa, kiangazi na baridi, mkate uliumuka kutoka katika kopo lilelile jekundu lililochunika. Miaka kumi na moja, kopo moja. Niliwaambia wenzangu wa chuo cha Kurani kwamba bibi yangu ana kopo lisilokwisha. Mwalimu wetu alinisikia akatabasamu, akasema baraka ya chakula haina hesabu.

Bibi alifariki kwa utulivu, Mungu amweke pema. Baba akamfuata. Mama aliishi mpaka mimi mwenyewe nikawa na mvi, na ni katika ugonjwa wake wa mwisho, nikiwa namlisha mkate wa kumimina kwa kijiko, ndipo aliposema:

"Hamira ya Mama ilikuwa imekufa tangu siku aliyofika."

Sikumwelewa.

"Ilikuwa kuukuu, imeingia unyevu. Nilijua tangu mkate wa pili. Siku moja alisahau kulifungia kopo. Nilichota kidogo nikaijaribu kwa maji ya uvuguvugu na sukari, haikutoa hata povu moja. Sikusema. Mwanzo nilifurahi, mwanangu. Mungu anisamehe. Jiko lilikuwa langu, na mkate wake ulikuwa tofali. Nilimkalisha kwenye mto nikajiita mwema. Mpaka nilipokusikia unaomba."

Alhamisi ile ya mablanketi, aliponituma nazi, alimwaga iliyokufa akatia ya kwake, iliyokuwa kabatini siku zote. Na baada ya hapo, kila kopo lilipokaribia kwisha, alilijaza. Miaka kumi na moja.

"Bibi hakujua?" nikauliza.

Mama alicheka, kicheko cha mgonjwa kilichomfikia machoni tu. "Bibi yako alikuwa mjinga? Kopo likijaa, alilifungia sandukuni. Likikaribia kwisha, nililikuta jikoni dirishani, mfuniko umelegezwa. Siku moja roho ilinisuta, nikataka kumwomba radhi. Nikaanza, 'Mama, kuhusu lile kopo.' Akanikatiza. Akasema, 'Kopo langu lina baraka, mkaza mwanangu. Wewe liache lilivyo.'"

Nimeyatafakari maneno yale kwa miaka mingi. Nimefundisha watoto wa watu kusoma na kusali, na kila mtoto aliponiuliza kama dua inajibiwa kweli, nimemsimulia habari ya Chui. Kwa muda mrefu nilisimulia nusu yake tu, kwa kuwa nusu ndiyo niliyokuwa nayo. Nilipoijua ya pili, niliogopa kwanza kwamba itaiua ile ya kwanza. Haikuiua. Mimi niliomba mkate uumuke, na uliumuka. Niliomba mkono uliokufa ufufuke, na ukafufuka. Ila nilikosea kudhani kwamba mkono ni wa Bibi. Mola hakushuka juu ya paa la Deira kuja kukoroga uji wa mchele. Alimsimamisha Mama mlangoni na rundo la nguo.

Na jembe nimelielewa pia. Nimelielewa vizuri zaidi mwaka huu, nikiwa mimi ndiye mwenye mto mgongoni.

Nilikuwa nimefika hapa katika mawazo yangu asubuhi hii, nimekaa nimetulia kama nilivyoambiwa, Rahma alipoita kutoka jikoni.

"Bibi! Hebu njoo unimiminie. Mkono wangu mie haujui."

Mkono wake unajua. Nimemfunza mwenyewe, na anamimina vizuri kuliko mimi. Lakini sikumwambia hivyo. Nilisema Alhamdulillah, nikausukuma mto pembeni, nikainuka.